Kichwa cha Farasi na Sura ya Al Pacino

Katika The Godfather, farasi anauawa ili mwimbaji apate kazi ya kuigiza. Ukiitazama filamu hiyo ya 1972 kwa mara ya kwanza, huenda usilitilie maanani kwa sababu damu ni nyingi na mayowe ni marefu. Lakini chanzo chake ni jambo la ofisini kabisa. Johnny Fontane anataka nafasi kwenye filamu mpya ya vita, mkuu wa studio aitwaye Jack Woltz anamkatalia, na Don Vito Corleone anamtuma wakili wake Hollywood akaongee na huyo bwana. Woltz anashupaa. Asubuhi anaamka na kichwa cha Khartoum, farasi wake wa thamani, kikiwa chini ya shuka. Fontane anapata kazi.

(Kichwa chenyewe kilikuwa cha kweli. Walifanya mazoezi na cha bandia, kisha siku ya kupiga picha wakaleta cha farasi halisi kutoka kiwanda cha chakula cha mbwa. Yale mayowe ya John Marley, aliyeigiza Woltz, hayakuhitaji kipaji kikubwa sana.)

Kisa hicho kilitoka kwenye riwaya ya Mario Puzo ya 1969, kabla hata mwigizaji mmoja hajachaguliwa. Lakini ukijua yaliyotokea kwenye ofisi za Paramount kati ya 1970 na 1971, utadhani mtu fulani alikuwa anatoboa siri za studio. Hakuna mnyama aliyekufa ili Al Pacino apate nafasi ya Michael Corleone. Kulikuwa na vitisho, hata hivyo, kulikuwa na wakili mwenye marafiki wa kutisha, na kulikuwa na jamaa mmoja aliyelipia gharama ambayo hakuwa ameikopa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1968 Paramount ilitoa filamu ya mafia iitwayo The Brotherhood, mwelekezi akiwa Martin Ritt na mwigizaji mkuu Kirk Douglas. Iliangukia pua. Robert Evans, aliyekuwa mkuu wa utayarishaji pale studio, alikaa akatafuta sababu na akaipata: filamu za aina hii zilikuwa zikitengenezwa na watu wasio Waitaliano, na mtazamaji ananusa uongo. Basi hii ya Puzo itafutiwe Mtaliano wa kuielekeza.

Wakubwa kadhaa waliikataa. Ndipo ikamfikia Francis Ford Coppola, kijana wa miaka 31 aliyekuwa na kampuni yake ndogo San Francisco, American Zoetrope, na deni kubwa kwa Warner Bros. Naye hakuitamani. Riwaya aliiona ya mambo ya rahisirahisi. Rafiki yake George Lucas, ambaye wakati huo hajamwota hata Darth Vader, alimsihi akubali kwa sababu kampuni ilikuwa inazama. Akakubali. Na kwa vile alikuwa mchanga na mwenye shida, studio ilitarajia atakuwa mtiifu.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Evans alitaka Mtaliano nyuma ya kamera ili filamu iwe na ukweli. Coppola naye akamwambia: sawa, na mbele ya kamera nataka huyu hapa. Akamwonyesha Al Pacino, mtoto wa Bronx, mfupi, macho meusi makubwa, pua ya kwao. Upande wa mama yake asili yao ilikuwa Corleone, kule Sicily, mji uleule ambao Puzo aliupa ukoo wake wa kubuni. Huwezi kupata Mtaliano zaidi ya huyo. Na Evans akasema hapana. Ni mfupi mno. Hajulikani. Haonekani kama nyota.

Waliotakiwa na studio walikuwa watu kama Robert Redford na Ryan O'Neal. O'Neal alikuwa ametoka kuipatia Paramount mamilioni na Love Story ya 1970. Redford alikuwa Redford. Na zile nywele za dhahabu? Studio ilikuwa na jibu: Italia ya kaskazini ina watu wenye nywele kama hizo, kwani shida iko wapi? Shida ni kwamba hadithi inatoka Sicily, ambayo iko kusini hadi kusini kwenyewe.

Sisi huku Redford tunamjua kwa njia nyingine. Mwaka 1985 alikuwa hapahapa Kenya, chini ya Ngong, akiigiza Denys Finch Hatton kwenye Out of Africa. Finch Hatton alikuwa mwana wa ukoo wa kilodi, Mwingereza halisi. Redford alimwigiza kwa lafudhi ya Kimarekani mwanzo hadi mwisho na dunia ikasonga. Kwenye filamu hiyohiyo Farah, aliyekuwa Msomali, aliigizwa na Malick Bowens, mtu wa Mali. Kwa nyota mwenye sura inayouza tiketi, nchi ya mhusika ni kitu kidogo. Kwa wengine pia ni kitu kidogo, ila kwa sababu tofauti: huko kwa wakubwa, Mwafrika ni Mwafrika tu.

Sijui kama Evans aliwahi kuliona hilo pengo katikati ya hoja zake mbili. Ukweli wa Kitaliano aliutaka kwenye mapishi, kwenye harusi, kwenye muziki. Sura ya Kitaliano kwenye bango ndiyo iliyomtia wasiwasi. Nadhani watu wengi wa mjini hapa, waliowahi kusimama kwenye foleni ya odisheni ya tangazo la sabuni, wanaijua hiyo hesabu bila kufundishwa: wanataka stori yako, ila iletwe na mtu mwingine.

Coppola alianza majaribio kimyakimya kwake San Francisco, kabla studio haijatoa baraka. Aliwaalika Pacino, James Caan, Robert Duvall na Diane Keaton, akawapiga picha kwa kamera ndogo na gharama ya chakula cha mchana. Wanne hao ndio tunaowajua leo kama Michael, Sonny, Tom Hagen na Kay. Yaani jibu lilikuwa pale chumbani tangu siku ya kwanza. Studio iliyatazama majaribio yale, ikasema hapana, ikafungua milango ya odisheni kubwa New York na Hollywood, ikamwaga pesa kwa miezi, halafu ikarudi kwa walewale wanne.

Hapo katikati, jamaa waliopita kwenye mlango ule ni wengi. Jack Nicholson aliombwa kuwa Michael akakataa, na baadaye akaeleza kwamba aliona Waitaliano waigizwe na Waitaliano. Martin Sheen alijaribiwa. Kijana mmoja aitwaye Robert De Niro alijaribiwa kuwa Sonny, na ile filamu ya majaribio ipo hadi leo: amevaa kofia, anatafuna maneno, anacheka cheka kama mtu anayeweza kukupiga risasi na bado akacheka. Ni moto kupita kiasi. Coppola mwenyewe alisema baadaye kwamba De Niro alikuwa mzuri ajabu, lakini Sonny huyo angeogopesha mno. Akapewa nafasi ndogo ya Paulie Gatto, dereva msaliti.

Pacino, wakati huo, majaribio yalikuwa yanamwendea vibaya. Hakukariri maneno sawasawa. Alijua hatakiwi, na mtu anayejua hatakiwi huigiza kama asiyetakiwa. Rekodi yake ilikuwa ya jukwaani: alikuwa ameshinda tuzo ya Tony mwaka 1969, na filamu yake ya kwanza kama mwigizaji mkuu, The Panic in Needle Park, ilikuwa bado haijaonyeshwa. Studio ilifika mahali ikakubaliana na wazo lingine: Caan awe Michael. Na Sonny? Sonny atakuwa Carmine Caridi.

Mkumbuke Caridi. Hili ndilo jina ambalo halipo kwenye mabango.

Alikuwa Mtaliano wa New York, mwigizaji wa jukwaani, pandikizi la mtu. Ukisoma Sonny wa Puzo, yule ndume mwenye mabega na hasira, unamwona Caridi. Alipewa kazi. Aliambiwa ni yake. Kisha Evans na Coppola wakarudi kwenye mvutano wao kuhusu Michael, na Evans akatoa masharti ya nipe nikupe. Alivyosimulia kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, alimwambia Coppola atampata Pacino kwa sharti moja: Caan awe Sonny. Coppola akasema Caan si Mtaliano, ni Myahudi, na Caridi ameshaahidiwa. Evans akashikilia kwamba Caridi ni mrefu mno, akisimama karibu na Pacino itakuwa kichekesho. Ufupi wa mmoja ukawa kosa la mwingine. Coppola akakubali, na Caridi akaipoteza nafasi ambayo ingebadilisha maisha yake.

Tena hata baada ya hapo Pacino hakuwa huru. Kwa kuchoka kusubiri, alikuwa ameshasaini na MGM kuigiza kwenye The Gang That Couldn't Shoot Straight, kichekesho kuhusu majambazi wasio na shabaha. MGM ikasema haimwachii. Kwa maelezo ya Evans, alipiga simu kwa Sidney Korshak, wakili wa Los Angeles ambaye wachunguzi wa serikali kwa miaka mingi walimtaja kuwa na uhusiano na genge la Chicago. Korshak akampigia Kirk Kerkorian, mwenye MGM. Dakika chache baadaye Pacino alikuwa ameachiliwa.

Soma aya hiyo tena ukiwa na Johnny Fontane akilini.

Nafasi aliyoiacha Pacino kule MGM ilichukuliwa na De Niro, ambaye Coppola alimruhusu aondoke. Paulie Gatto akaenda kwa mwigizaji mwingine. Kwa De Niro ilionekana kama kubadilisha nafasi ndogo kwenye filamu kubwa na nafasi kubwa kwenye filamu ndogo, na filamu ile ndogo haikufika mbali. Lakini kama angebaki awe Paulie, angekufa ndani ya gari katikati ya filamu ya kwanza, na asingeweza kurudi mwaka 1974 kuwa Vito kijana kwenye The Godfather Part II. Alirudi, akajifunza Kisicilia, akashinda Oscar. Brando alikuwa ameshashinda kwa Vito mzee. Watu wawili, mhusika mmoja, Oscar mbili.

Na huyo Brando! Leo tunaongea kana kwamba nafasi ilikuwa yake tangu mbinguni. Puzo ndiye alimwona kwanza. Alimwandikia barua akimwambia ndiye pekee awezaye kumwigiza Don. Lakini Hollywood ya 1970 ilikuwa imemchoka Marlon Brando. Miaka ya sitini ilikuwa imemwendea kombo, filamu baada ya filamu zikipata hasara, na sifa yake ilikuwa ya mtu anayechelewesha kazi na kugombana na kila mtu. Stanley Jaffe, rais wa Paramount, alisema wazi kwamba maadamu yeye ni rais, Brando hatakuwemo. Coppola husimulia kwamba alibishana hadi akaishiwa, akaanguka sakafuni palepale mkutanoni akijifanya amepatwa na kifafa. Jaffe akalegea kidogo, akatoa masharti: Brando alipwe kidogo sana, aweke dhamana kwamba hataleta hasara, na afanyiwe majaribio ya kamera.

Hilo la tatu lilikuwa tusi. Humwambii mshindi wa Oscar aje odisheni. Kwa hiyo Coppola hakumwambia. Alimwambia ni majaribio ya vipodozi tu, mzee, tuone uso wako kwenye kamera. Akaenda nyumbani kwa Brando asubuhi na watu wachache, wakaingia polepole kama wezi wenye adabu. Brando alitoka chumbani na nywele ndefu za rangi ya asali, kwenye kimono. Akazifunga nywele, akazipaka rangi ya viatu, kiwi tungeita sisi, akajaza karatasi laini mashavuni ili afanane na mbwa mkali aliyezeeka, akakunja kola ya shati na kuanza kunung'unika. Alikuwa na miaka 46. Mbele ya macho yao akafika 65.

Coppola hakuupeleka mkanda kwa Evans wala Jaffe. Aliupeleka moja kwa moja New York kwa Charles Bluhdorn, mwenye Gulf and Western iliyoimiliki Paramount. Bluhdorn alipomwona Brando akaanza kukataa, kisha yule mtu kwenye skrini akaanza kubadilika, na mkubwa akauliza huyu mzee ni nani. Basi. Zile karatasi za mashavuni baadaye zikageuzwa kifaa maalumu kilichotengenezwa na daktari wa meno. Malipo yalibaki madogo, dola 50,000 na sehemu ndogo ya mapato. Na maneno hakuyakariri. Yaliandikwa kwenye kadi zilizobandikwa kila mahali, nyingine kifuani mwa Robert Duvall.

Ona sasa mambo yalivyo: Brando si Mtaliano. Caan si Mtaliano. Duvall anaigiza Mjerumani mwenye asili ya Ireland, kwa hiyo huyo hatuna kesi naye. Don na mwanawe wa kwanza wanaigizwa na wageni, na ndio waliovuma. Caan alisimulia kwa miaka mingi kwamba alipewa heshima ya Mtaliano wa mwaka kule New York, yeye Myahudi wa Bronx, na kwamba alichoka kueleza. Kwa hiyo hoja ya damu, ukiisukuma hadi mwisho, inavunjika. Caan alikuwa Sonny mzuri sana. Ninachokataa ni ile tabia ya kuitumia hoja ya damu inapofaa na kuiweka kabatini isipofaa.

Wapo waliokuwa na hoja ya damu kuliko Coppola. Joseph Colombo, aliyetajwa na polisi kuwa mkuu wa moja ya familia tano za mafia New York, alikuwa ameanzisha Italian-American Civil Rights League kupinga Waitaliano kuonyeshwa kama wahalifu. Ndiyo, umesoma sawa. Umoja huo ulikuwa na nguvu ya kufunga mitaa na vyama vya wafanyakazi, na filamu isingepigwa picha New York bila ridhaa yao. Mtayarishaji Albert Ruddy alikaa na Colombo mapema 1971 wakakubaliana: neno mafia litolewe kwenye maandishi. Lilikuwa limetumika mara chache mno, hivyo halikumpunguzia Ruddy usingizi. Tangu siku hiyo milango ilifunguka, na watu wa karibu na umoja huo wakaanza kuonekana kwenye seti, wengine wakitafuta nafasi ya kuonekana hata kwa nyuma. Wanaopinga filamu wanataka kuwemo kwenye filamu. Tarehe 28 Juni 1971 Colombo alipigwa risasi kwenye mkutano wa hadhara wa umoja wake, Columbus Circle. Hakupona kabisa, akafa 1978.

Katika msafara huo ndipo alipotokea Lenny Montana, aliyekuwa mpiganaji wa mieleka, mwili kama jokofu. Akapewa Luca Brasi. Siku ya kuigiza na Brando alitetemeka. Maneno yakamganda mdomoni, mkono ukamtoka jasho. Mwelekezi mwingine angemfukuza au kurudia mara hamsini. Coppola akaacha kigugumizi kile kilivyo, kisha akaongeza tukio dogo la Luca akiwa peke yake harusini, akikariri salamu zake. Kwa hiyo unapomtazama yule muuaji mkubwa akihangaika kumshukuru Don, unamtazama Lenny Montana akimwogopa Marlon Brando.

John Cazale alipatikana kwa njia ya kawaida: mtu alienda kutazama mchezo. Fred Roos, mmoja wa waliosimamia uteuzi wa waigizaji, alimwona jukwaani kwenye mchezo wa Israel Horovitz uitwao Line, akajua Fredo amepatikana. Cazale na Pacino walikuwa wanajuana tayari, wote wamewahi kutuzwa kwa mchezo mwingine wa Horovitz. Cazale alifariki 1978 akiwa na miaka 42. Aliigiza kwenye filamu ndefu tano tu, na zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora.

Kuhusu ndugu, Coppola hakuwa na aibu. Connie ni dada yake, Talia Shire. Baba yake anapiga piano kwenye tukio moja. Mtoto anayebatizwa ni bintiye Sofia, aliyezaliwa Mei 1971, wiki chache tu kabla. Undugu ulikuja kumgharimu Sofia huyohuyo mwaka 1990, Winona Ryder alipojitoa dakika za mwisho kwenye Part III na baba akamweka bintiye. Wakosoaji walimrarua bila huruma.

Turudi kwa Pacino, kwa sababu kuchaguliwa hakukumaliza mambo. Upigaji picha ulianza mwishoni mwa Machi 1971 na wiki za mwanzo wakubwa waliziona picha zake wakauliza: mbona hafanyi kitu? Alikuwa anamjenga Michael polepole, kijana mpole anayekaa pembeni, ila wao waliona ubao. Pacino mwenyewe amesimulia kwamba alijua yuko karibu kufutwa. Coppola akalivuta mbele lile tukio la mkahawani, ambapo Michael anawaua Sollozzo na kapteni McCluskey. Litazame tena. Kwa muda mrefu hafanyi lolote. Treni inapita, macho yanacheza, na unaona mtu akitoka ndani ya mtu mwingine. Siku hiyohiyo, akirukia gari la kutorokea, aliteguka kifundo cha mguu. Alilala pale chini, amesema, akimshukuru Mungu, kwamba sasa watamwachia aende nyumbani. Walitazama tukio lile la mkahawani wakambakisha.

Oscar za 1973: filamu bora ni The Godfather, mwigizaji bora ni Brando, ambaye aliikataa tuzo. Pacino, aliyeibeba hadithi, aliwekwa kundi la waigizaji wasaidizi pamoja na Caan na Duvall, na wote watatu wakashindwa. Kwa Roos na wenzake Andrea Eastman na Louis DiGiaimo, waliowatafuta watu hawa wote, hakukuwa hata na kundi la kushindania. Academy ilitangaza tuzo ya uteuzi wa waigizaji Februari 2024, kwa filamu za 2025 na kuendelea. Roos alifariki Mei 2024.

Na Carmine Caridi? Coppola alimkumbuka. Alimpa nafasi ndogo kwenye Part II, kama mmoja wa ndugu wawili Rosato, na nyingine kwenye Part III. Mhusika wa Part II anaitwa Carmine. Mwaka 2004 jina lake lilirudi magazetini kwa namna ya ajabu: akawa mwanachama wa kwanza kufukuzwa Academy, kwa sababu alikuwa akimpa rafiki yake nakala za filamu ambazo wapiga kura wa Oscar hutumiwa nyumbani, na zikavuja. Alikufa 2019. Ukitafuta tukio lake na akina Rosato utampata kwa urahisi, ni yule mrefu kuliko wote.